Kakao ya Jumatatu

Baba alisema Jumapili. Mrisho akaja Jumatatu. Hapo ndipo shangazi Lea alipopata pa kuanzia.

"Mtu anaitwa kwa wakwe Jumapili, anatokea Jumatatu," alisema, akichambua mboga ambazo nilikuwa nimekwisha kuzichambua. "Mimi sisemi kitu. Nauliza tu, hiyo Jumapili alikuwa kwa nani?"

"Lori lilikwama njiani, Igawa, shangazi. Mvua hii si unaiona mwenyewe?"

"Lori." Alilitamka neno hilo kama jina la mwanamke.

Shangazi Lea ni dada yake baba. Mwaka uliotangulia mama alipougua, alikuja kutusaidia kwa wiki moja. Homa ikaisha, shangazi yuko, na godoro lake liko, na maneno yake ndiyo yamejaa nyumba nzima. Sisi tulikaa Kihesa, nje kidogo ya mji wa Iringa, na kila asubuhi nilitembea hadi mjini kushona nguo kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja. Hapo barazani ndipo Mrisho aliponikuta. Alikuwa akileta majora ya vitambaa kutoka Mbeya, na siku ya kwanza alishusha jora moja mara mbili, akalirudisha garini, akalishusha tena, ilimradi tu apite mbele ya cherehani yangu.

Niseme wazi, nilimpenda. Nilimpenda mpaka nikajichoma kidole kwa sindano nikamwambia Mhindi ni mbu. Lakini kumpenda mtu ni kitu kimoja na kumwamini ni kitu kingine, na mimi sikulelewa na mama yangu niwe zuzu.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mrisho alikuwa Mwislamu wa Mbeya, babu yake alitoka pwani na misafara ya biashara. Sisi ni Wahehe na Wakatoliki, na baba yangu, Mzee Kasian, alikuwa mtu wa kukaa benchi la mbele kanisani. Hilo peke yake lilitosha kuniliza. Juu yake kulikuwa na Liberatus, mwalimu wa shule, kijana wa dini yetu na kabila letu, mwenye shati jeupe na maneno machache, ambaye watu wake walikuwa wanakuja Jumamosi hiyo kuchukua jibu. Baba alinitazama nikilia akasema, "Huyo dereva wako nitamwona mara moja. Aje mwenyewe, asilete mshenga, nimtazame machoni. Nikimkubali, tutazungumza na wazee wake. Nisipomkubali, Jumamosi usiniletee machozi."

Mara moja tu. Kwa hiyo naomba mnielewe kwa nini roho ilikuwa juu juu.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia baba. Filemoni, fundi wa magari aliyetengeneza malori nyuma ya soko, alikuwa ameniambia kitu kilichoninyima usingizi.

"Dada Rozalia, huyu bwana wako ni mtu mwema, ila ana mambo yake. Akiwa hapa Jumatatu au Alhamisi, hali na sisi. Tukisonga ugali anasema ameshiba. Ikifika jioni, anatuaga, anapotea."

"Anapotelea wapi?"

"Mimi nitajuaje? Mtu mzima hafuatwi."

Nilikumbuka Alhamisi moja nilipompelekea togwa ya mama, baridi, kwenye kibuyu. Aliipokea kwa mikono miwili, akanimwagia maneno matamu, lakini kinywani haikufika. Alisema atainywa baadaye. Nikamwuliza, baadaye lini, na nani? Akacheka. Yeye alidhani natania.

Nilikosea kumwambia shangazi.

"Jumatatu na Alhamisi?" Shangazi aliweka kisu chini. "Ewe mtoto, hiyo ni zamu! Wenzetu hao wanaoa wawili, watatu. Huko anakopotelea jioni kuna sufuria inamsubiri. Ndiyo maana hali kwako, atashibaje mara mbili?"

Nikamkatalia kwa mdomo. Moyoni nilikubali.

Basi Jumatatu hiyo alifika saa tisa alasiri, matope yamepanda hadi magotini, shati limepigwa pasi. Alikuwa kichwa wazi. Nilimjua Mrisho kwa kofia yake iliyotarizwa kwa mkono na mama yake, Mwanakhamisi, na leo nywele zake zilikuwa na alama ya duara pale kofia ilipokaa. Shangazi aliiona kabla yangu.

"Kofia ameiacha wapi?" alininong'oneza. "Anayeficha kofia ataficha na mengine."

"Kamwene," Mrisho alisalimia kwa Kihehe cha kujifunza barabarani.

"Kamwene. Karibu, kaa," baba alijibu.

Mama alikuwa kwenye kigoda chake karibu na mlango, khanga imefunika miguu. Homa ya mwaka jana ilimwachia uhai lakini iliichukua miguu yake, na kwa miezi mingi tulimbeba. Tangu Noeli alikuwa akijikongoja hadi kwenye migomba ya uani, basi, hapo anageuka. Soko la Iringa alikokuwa akiuza maharage, mahali alipojulikana na kila mtu kwa ubishi wake, alikuwa hajalitia machoni tangu augue. Mrisho alimsalimia kwa kuinama chini kabisa, akamtazama miguu, kisha akaondoa macho haraka. Mama alikuwa akimpima.

Baba hakupoteza muda. "Kijana, nina swali moja. Hiyo dini yako utaiingiza nyumbani mwangu?"

"Baba, mimi nimekuja kuomba. Anayeomba haji na masharti. Sitaleta lolote la kukusumbua ndani ya nyumba yako."

Baba akaitikia kwa kichwa polepole. Jibu lilimpendeza, nilimwona. Nikashusha pumzi. Mrisho akanitupia jicho moja, fupi, kutoka kona, na damu yote ikanipanda usoni. Jicho lile lilikuwa na midomo iliyokauka chini yake. Nikajiambia ni vumbi la safari. Vumbi gani tena, na mvua yote ile?

Kisha akafungua mfuko wake, akatoa kitu kilichofungwa kwa jani la mgomba lililokaushwa motoni. Akalikunjua. Ndani kulikuwa na bonge jeusi, linang'aa mafuta, kama ngumi ya mtu.

Shangazi alirudi nyuma. "Yesu na Maria! Ni nini hicho?"

"Ni kakao, shangazi. Ndiyo chokoleti yenyewe, kabla Wazungu hawajaitia sukari na kuifunga kwenye karatasi inayong'aa."

Chokoleti tuliijua kwa kuiona. Kwenye duka la Mhindi ilikaa kwenye kabati la kioo, ikinunuliwa na wake wa walowezi, na wakati wa joto ilijikunja kama mshumaa. Sikuwahi kusikia kwamba ina mti.

"Mti wake uko Kyela," Mrisho alimwambia baba, na sauti yake ikapata uhai. "Kuna mzee mmoja, Saulo, ana miti michache nyuma ya nyumba. Tunda halioti kwenye tawi, baba, linaota kwenye shina lenyewe, limejishikiza kama mtoto mgongoni. Ukilipasua, ndani kuna nyama nyeupe, tamu. Watoto wa Kyela wanaifyonza wanatema mbegu. Na hizo mbegu wanazotema ndiyo mali! Zinafunikwa kwa majani ya mgomba zichachuke, zinaanikwa, zinakaangwa. Mama yangu alizitwanga kwenye kinu siku nzima, akatia iliki na mdalasini. Anasema mkono bado unamwuma."

"Na Saulo aliyajuaje?" baba aliuliza. Baba alipenda habari za miti.

"Alikuwa mpishi wa padri mmoja mzee, na padri alikuwa akimsomea vitabu jioni. Asili yake Amerika, baba, kwa wenyeji wa kule, kabla Mzungu hajafika. Walikuwa wakiinywa chungu, haina sukari, imetiwa pilipili. Mbegu zake walikwenda nazo sokoni, ndizo zilikuwa fedha yao."

"Fedha ya kunywa!" Baba akacheka. Jamani, baba alicheka! "Ingekuwa hapa Kihesa, nchi nzima ingelala maskini."

"Na kwenye posa," Mrisho akasema, safari hii akitazama chini, "wazee wa pande mbili walikaa wakanywa hii. Na bwana harusi na bibi harusi walikunywa hii. Ndiyo maana nimeileta. Sikutaka nije kwako na kitu ambacho kila mtu analeta."

Nilitamani kulia. Nilitamani shangazi aingie chini ya ardhi ili nimtazame mtu huyu nishibe.

Aliomba maji ya moto na mabirika mawili. Alikuna bonge lile kwa kisu, akakoroga, kisha akasimama katikati ya chumba akaanza kumimina. Birika moja alilipandisha juu ya kichwa, jingine akalishusha hadi kiunoni, na kinywaji kikateremka kwa uzi mmoja mrefu, kahawia, bila kumwaga tone. Akarudia, akarudia tena, mpaka povu likafura na kupita ukingo. Alisema watu wa kale walilitaka povu kuliko kinywaji. Harufu ikajaa nyumba. Sijui niwaelezeje harufu ile, ilikuwa na karanga za kuchoma ndani yake, na udongo wa mvua ya kwanza, na kitu ambacho ni chake peke yake. Hata mama aliinua pua.

Akamimina vikombe vinne. Akampa baba, akampa mama, akampa shangazi, akanipa mimi. Halafu akarudi kusimama ukutani, mikono nyuma, anangoja.

Hakuna aliyekunywa.

Kwetu, mwenye kuleta kinywaji ndiye anayetangulia kukionja. Awe mke wako, awe ndugu yako wa tumbo moja, akileta ulanzi, pombe yetu ya mianzi, anapiga funda la kwanza mbele ya macho yako, ndipo anakukabidhi. Hiyo ndiyo namna ya kusema, humu hamna sumu, humu hamna uchawi, tukifa tufe wote. Mtoto wa Kihehe analijua hilo kabla hajajua kufunga kamba. Haikunijia hata siku moja kumweleza Mrisho, kama ambavyo huwezi kumweleza mtu kwamba mlango huingiliwa kwa miguu. Na kwao, nilikuja kujua baadaye, ni kinyume chake, mwenye kuandaa hunywa wa mwisho, baada ya wageni na wakubwa kuridhika. Yeye pale alikuwa anatuheshimu. Sisi tuliona mtu anasimama mbali na birika lake mwenyewe.

Baba alimnyooshea kikombe chake. "Haya, kijana. Onja."

Mrisho alikitazama kikombe. Kisha akatazama mlangoni, jua lilipokuwa.

"Baba, nisamehe. Leo sitaweza."

"Hutaweza nini?"

"Kuonja. Nyie kunyweni tu, kwa amani kabisa. Mimi leo... nisamehe."

Povu lilikuwa likipasuka vikombeni.

"Kidogo tu," nikasema. Nilijua sina ruhusa ya kusema, nikasema. "Mrisho, funda moja tu. Tafadhali."

Alinitazama. Nimewahi kumwona mtu akitazama basi linaloondoka na mzigo wake. Ndivyo alivyonitazama. "Rozalia, ningeweza, ningekwisha kunywa birika zima."

"Kwa nini huwezi?" baba aliuliza, na kicheko kilikuwa kimeondoka sautini mwake.

Mrisho alimtupia mama jicho, akarudisha mikono nyuma.

Shangazi aliweka kikombe chini kama kina moto. "Limbwata! Nilisema mimi! Kitu cheusi, kinanuka utamu, kimefungwa kwenye jani, mwenyewe hataki kukigusa! Kasian, huyu anataka kutupumbaza nyumba nzima tumkabidhi mtoto huku tunapiga vigelegele!"

"Shangazi, Mungu ni shahidi yangu, humo hamna kitu."

"Basi kunywa!"

"Siwezi."

Baba alisimama. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lilinitisha. "Chukua kinywaji chako, kijana. Chote, usiache hata tone kwangu. Uende salama."

Mrisho alimimina vikombe vyote kwenye chupa yake ya chai, ile ya safarini. Akainama mbele ya mama. Akatoka. Hakugeuka nyuma. Mimi nilibaki na mdomo wazi na ladha ya kitu nisichokionja.

Sasa nitawaambia nilichofikiri. Sikufikiri limbwata, hilo nilimwachia shangazi. Nilifikiri leo ni Jumatatu. Jumatatu hali, hanywi, na jioni anapotea. Kwa hiyo hata leo, siku ya maisha yangu, hata mbele ya baba yangu, ameogopa kuvunja masharti ya huyo aliyemfunga! Ana nguvu gani mwanamke huyo? Anakaa wapi? Nilihisi wivu ukinipanda kutoka miguuni kama maji baridi, na nikaapa kwamba kabla Jumamosi haijafika nitamwona kwa macho yangu, nimwone uso, ndipo nimkubali Liberatus na mashati yake meupe nikiwa na roho safi.

"Naenda kununua mafuta ya taa," nikasema.

"Yamejaa tele," shangazi alisema.

Nilikuwa nimeshafika barabarani.

Lori lilikuwa limeegeshwa nyuma ya soko, karibu na gereji ya Filemoni. Jua lilikuwa linashuka, na watu wa soko walikuwa wanafunga vibanda. Nilijibanza nyuma ya gurudumu. Mrisho alikuwa amekaa juu ya sanduku la mbao upande wa pili, kofia yake imerudi kichwani. Mbele yake alikuwa ametandika kitambaa safi. Juu ya kitambaa kulikuwa na tende kwenye karatasi, na kikombe cha kakao, kimejaa, kinafuka moshi.

Hakukigusa. Alikuwa anangoja.

Nikasema kimoyomoyo, haya, Rozalia, jikaze, anakuja sasa hivi huyo mwenyewe. Nikatengeneza khanga yangu. Nikafikiria tusi la kwanza, na la pili likiwa tayari. Alitazama angani, akatazama kikombe, akalamba midomo yake mikavu, akatazama angani tena. Mwanamke hakuja. Nikaanza kumchukia kwa kuchelewa.

Ndipo adhana ikaanza kutoka upande wa msikiti.

Mrisho akanyanyua viganja, midomo ikicheza. Akatia tende mdomoni, akafumba macho. Kisha akakishika kile kikombe, kile kile alichokataa mbele ya baba yangu, akakinywa chote kwa pumzi moja, mpaka povu likamwachia masharubu. Akajimiminia kingine. Akanywa na hicho.

Nilisimama pale nimeganda. Mimi si mtu wa mbali na Waislamu kiasi hicho, mjini Iringa tumekaa nao, mwezi wa Ramadhani tunawaona. Lakini Ramadhani haikuwa imefika! Nilitoka nyuma ya gurudumu.

"Ulikuwa umefunga!"

Aliruka, nusura amwage kikombe. "Rozalia! Umetokea wapi?"

"Usiniulize nimetoka wapi! Ulikuwa umefunga! Ukasimama pale kama gogo, ukasema huwezi, huwezi, huwezi! Mdomo wako una kazi gani? Neno moja tu, 'nimefunga', lingekushinda?"

"Lingenishinda."

"Kwa nini?"

"Baba yako alikuwa ametoka kuniuliza kama dini yangu itaingia nyumbani mwake. Nikamwambia sitamsumbua. Sasa dakika ile ile nimwambie, mzee, nimekataa kikombe chako kwa ajili ya dini?"

"Angalau angejua si sumu!"

"Kisha angeniuliza, Ramadhani bado, umefunga nini? Hapo ndipo pabaya." Akashusha sauti. "Kaa, Rozalia. Tafadhali."

"Sikai. Umefunga nini? Jumatatu na Alhamisi, Filemoni ameniambia. Mimi nimekonda kwa wivu wa mke ambaye simjui sura! Nilikuja kumtukana!"

"Mke?" Alinitazama, halafu, mtu huyu hana haya, akaanza kucheka. Nikamkata jicho akaacha. "Unakumbuka mwaka jana ulipokuja barazani macho yamevimba? Ulisema, mama hatasimama tena. Ulisema mama yako alikuwa anatembea kuja sokoni hapa na kapu la maharage kichwani, anamtukana kila mtu anayetaka kupunguziwa bei, na sasa anabebwa kama mtoto. Ulilia mpaka ukashona mkono wa shati kwenye kola."

"Nakumbuka."

"Mimi nilikuwa na nini cha kukupa? Sikuwa hata na ruhusa ya kukushika mkono. Nikaweka nia kwa Mungu wangu. Nitafunga Jumatatu na Alhamisi mpaka mama yako atembee mwenyewe hadi mjini kama zamani. Leo nimemwona bado yuko kwenye kigoda. Ningevunjaje nia mbele yake, Rozalia? Mbele ya miguu yake ile ile?"

Nilikaa.

"Ungetuambia hivyo," nikasema kwa sauti ndogo.

"Ningesemaje? 'Mama, njaa hii nimeshinda nayo kwa ajili yako, basi nipe binti yako'? Hiyo si posa, hiyo ni kudai. Nyie mmemwombea kwa rozari zenu mwaka mzima. Mimi ni nani nikae kitini pale nijisifu? Bora mnifukuze."

"Mjinga wewe," nikasema, nikaanza kulia. "Jumamosi wanakuja watu wa Liberatus, na wewe unaona bora tukufukuze. Mjinga mkubwa!"

Alinisogezea kikombe. Alikuwa ameshakinywea mbele ya macho yangu, sheria za kwetu zilikuwa zimetimia. Nikanywa. Ilikuwa chungu mwanzoni, chungu kweli, nikakunja uso, kisha iliki ikafika, na baada yake ukaja utamu wa chini chini ambao hauna sukari. Nilimtazama juu ya ukingo wa kikombe. Alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri hukumu.

"Nipe na mimi."

Sauti hiyo haikuwa yangu wala yake. Tuligeuka wote.

Mama alikuwa amesimama nyuma ya lori, mkono mmoja kwenye bodi, mwingine umeshika fimbo ya baba. Miguu yake ilikuwa na matope hadi kwenye vifundo. Alikuwa anahema, lakini amesimama. Peke yake. Sokoni.

"Mama!" Nilisahau kusimama. "Umekujaje? Nani amekuleta?"

"Nani anilete? Shangazi yako alipiga kelele kwamba limbwata limekuvuta, umetoka mbio unamfuata. Nikasema, nikimwachia Lea akufuate, mji mzima utajua. Nikachukua fimbo." Akapumua. "Akanifuata, eti anisindikize. Nimemwacha kule mteremkoni, amekaa kwenye jiwe, anasema miguu inamwuma."

Mrisho alikuwa amesimama. Uso wake sijui nikuambieni nini. Alikuwa anaitazama miguu ile yenye matope, midomo inamcheza, na machozi yanamteremka wazi wazi, mwanamume mzima, mbele ya gereji ya Filemoni.

"Mama," alisema. "Umetembea kutoka Kihesa?"

"Nimekuja kukupiga," mama alimjibu. "Nilikuwa nimekwisha kuinua fimbo. Halafu nikakusikia."

Mahali fulani mwenye kibanda alikuwa anagonga ubao wa mwisho. Mama alisogea hatua kwa hatua, akakaa kwenye sanduku la Mrisho bila kukaribishwa, akanyoosha mkono. Mrisho alimimina kakao iliyobaki. Halafu akafanya kitu kilichonifanya niume khanga nisipige yowe. Alikiinua kikombe, akamtazama mama machoni, akapiga funda moja, ndipo akamkabidhi kwa mikono miwili.

Mama akanywa taratibu. Akakunja uso. Akanywa tena.

"Chungu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Inafaa." Akajifuta povu kwa ncha ya khanga. "Mambo ya kanisa na msikiti hayajaisha, usidhani. Hayo utakaa na baba yake mpaka mtoke jasho. Lakini Liberatus na watu wake, Jumamosi watanikuta mlangoni, nao wananijua." Alimrudishia kikombe kitupu. Akaitazama miguu yake, akaitikisa kidogo ndani ya matope, kama anayesalimiana nayo. "Sasa, wewe kijana. Nia yako ulisema mpaka nitembee hadi mjini. Hapa ni wapi?"

"Ni mjini, mama."

"Basi Alhamisi unakula kwangu."